Mikono Ilikuwa Yangu, Ukurasa Ulikuwa Wake

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa binti mmoja, na ninaishi upande wa Ainabkoi, nje ya Eldoret. Wasomaji wenzangu, kama mmewahi kutazama zile video za mikono ya mwanamke akitengeneza mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha ndani ya kibuyu, basi mmeniona. Mikono ile ilikuwa yangu. Lakini hamnijui... na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia!

Nilikuwa nimeolewa na mwanamume ambaye nitamwita Kibet, ingawa anastahili jina baya zaidi. Kibet hakuwa na kazi ya maana, ila mdomo alikuwa nao! Angeweza kumuuzia ng'ombe maziwa yake mwenyewe.

Siku moja alinirekodi nikisugua kibuyu kwa kijiti cha senetwet kilichochomwa, ule mti unaoipa mursik harufu yake. Akaweka sauti yake juu ya picha, akaituma mtandaoni. Watu wakaipenda. Akafungua ukurasa, akauita Mikono ya Mama. Aliufungua kwa laini yake ya simu, na neno la siri akakaa nalo yeye. Nilipouliza, alicheka.

"Mama Chebet, wewe tengeneza maziwa tu. Hizo vitu za simu niachie. Kwani hatukai nyumba moja?"

Uso wangu haukuonekana hata mara moja. Alisema watu wanataka chakula, hawataki sura. Na mimi, mwanakwaya mzima, nikaona ni heshima mke kutojianika. Mikono yangu, mdomo wake... ndoa kamili!

Wafuasi wakafika maelfu. Oda za vibuyu na mursik za harusi zikaja kila juma. Wateja walipoomba namba yangu, Kibet aliwakatalia. Kila mtu apitie kwenye ukurasa, alisema, ndiyo biashara ya kisasa. Nikatii kama kondoo. Wakati mmoja kijiti cha moto kiliniunguza kidole gumba mbele ya kamera, kikaniachia kovu kubwa. Lo, maombi niliyoombewa! Mama pole, Mama tunakupenda, Mama wewe ni wetu. Nililia kwa furaha. Nilidhani nimepata jamaa.

Kisha akaletwa Sharon, msichana wa kwaya yetu, aje kushika kamera. Alikula kwangu, alikunywa kwangu, akaniita dada. Kibuyu hakuwahi kukigusa, alisema kinamchafulia kucha. Kumbe kucha zilikuwa na kazi nyingine... Kikulacho ki nguoni mwako!

Kibet aliondoka mchana kweupe. Alibeba kamera, taa na vibuyu vyangu viwili vizuri, akasema anahamia mjini kushughulikia mambo ya ukurasa. Sharon alikuwa ameketi tayari kwenye gari, akiangalia upande wa pili. Sikumkimbilia. Nilijiambia, aende! Watu wangu watauliza mikono iko wapi. Watu wangu watanitafuta.

Watu wangu! Hebu nicheke kidogo.

Video mpya ilitoka. Mikono ya Sharon, kucha nyekundu, imeshika kibuyu kama mtu aliyepokezwa mtoto aliyejikojolea. Alikisugua kwa makaa ya jikoni, wasomaji, yale ya kuchomea mahindi! Akamimina maziwa yakiwa bado yanafuka moshi. Nikangoja. Nilijua watapiga kelele.

Mnajua walisema nini? Walimwaga mioyo myekundu! "Mama siku hizi umejipenda!" akaandika mmoja. Na mwingine, mmoja wa wale walioniombea nilipoungua, akauliza, "Mama, ile alama ya kidole imeisha. Ulitumia mafuta gani?"

Mafuta! Haikumpitia kichwani kwamba kidole ni kingine na mwanamke ni mwingine. Na Kibet ni mtu wa kuachia nafasi kama hiyo? Baada ya muda mfupi alikuwa akiuza mafuta ya kuondoa makovu kwenye ukurasa huohuo. Wakanunua! Hao ndio niliowaita jamaa.

Lakini lililoniumiza zaidi ni lile la harusi ya kijijini Soy. Kulikuwa na mama mmoja aliyeagiza mursik ya harusi ya bintiye kabla Kibet hajaondoka. Nilikuwa nimekwisha kujaza vibuyu, vimepangwa ukutani, maziwa yanaiva vizuri. Nikataka kumwambia kwamba kazi yake iko tayari. Nimwambie vipi? Jina lake halisi sikulijua. Namba yake sikuwa nayo. Nilimjua kwa picha ya ua aliyoiweka kwenye akaunti yake! Siku ya harusi ikapita, na baadaye nikaona kwenye ukurasa kwamba walipelekewa mursik ya Sharon. Yangu nikawagawia majirani. Walinisifu sana, na kila sifa ilinichoma.

Nikafungua ukurasa wangu. Nikaonyesha uso, nikainua kidole chenye kovu, nikasema mimi ndiye mwenye mikono ile. Mashabiki wangu wapenzi wakanivamia. Mwizi! Mwenye wivu! Madam, tafuta kazi! Kibet akanishtaki kwa wenye mtandao, nami nikafungiwa kwa kosa la kujiigiza mimi mwenyewe. Niliandika kujitetea, nikajibiwa na mashine kwamba ukurasa ni wa aliyeufungua. Basi! Miaka yangu ya kazi, na sina hata mlango wa kubisha.

Nilikaa na aibu yangu hadi simu ilipoita. Alikuwa Mwalimu Akinyi, anayefundisha karibu na Chepkoilel. Ndiye mteja pekee aliyewahi kufika langoni kwangu mwenyewe kununua kibuyu, nikampa namba bila Kibet kujua.

"Mama Chebet, huyo mtu wa kwa hiyo peji si wewe," alisema. "Umegonjeka?"

Nilimuuliza amejuaje.

"Si nilikaa kwako nikakuangalia? Wewe hushiki kibuyu hivyo. Sasa niambie, unauza ama umewacha? Walimu wenzangu hapa wanataka."

Niliweka simu chini nikalia. Maelfu walinipenda, na aliyenijua alikuwa mmoja!

Nilianza na huyo mmoja. Alinipa namba za walimu wenzake kwa ruhusa yao, na walimu wakaniletea dada zao. Mursik ikiiva, ninawatumia ujumbe mwenyewe, kwa simu yangu, kwa jina langu. Na kila kibuyu kinachotoka kwangu nimekichoma kitako kwa waya wa moto, jina langu na namba yangu. Mtandaoni bado ninaweka video, sikatai, lakini pale ni sokoni tu. Anayenipenda namwomba namba siku hiyohiyo.

Majuzi Kibet alinipigia. Alisema wateja walikuwa wameharisha, na ile familia ya Soy ilikuwa imemwaga mursik yake mbele ya wageni. Sauti ile tamu ilikuwa imekauka.

"Mama Chebet, tafadhali... ule mti unaitwaje? Ule wa kuchoma?"

Fikirieni! Miaka yote hiyo alikuwa akisema mbele ya dunia nzima "mti wetu wa asili," na hakuwahi kusikiliza ni mti gani. Nikamwambia ana maelfu ya watu pale, awaulize. Kisha nikakata.

Ndugu zangu mnaopika, mnaoimba, mnaochekesha watu kwenye simu, nawasihi! Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Ukurasa una mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Mioyo myekundu haina namba ya simu. Wajue watu wako kwa majina, nao wakujue kwa lako, kabla mikono mingine haijaletwa mahali pa yako.

Juzi simu iliita tena, namba nisiyoijua. Mama mmoja wa Soy alikuwa amenywa mursik kwenye sherehe ya jirani, akakipindua kibuyu na kusoma kitakoni. Alisema ana binti wa pili anayeolewa, na safari hii hataki kupitia kwa mtu.

"Na wewe ni nani?" akaniuliza.

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimtajia jina langu lote, polepole, naye akaliandika.