Programu Mbili, Jina Moja... Nikabaki Peke Yangu!

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Msambweni, na hadi leo sijaolewa. Si kwamba sikuposwa. Niliposwa, hata hina ilikuwa imeshanunuliwa! Wasomaji wenzangu, nisikilizeni. Yaliyonipata hayakutanguliwa na ugomvi wala tusi. Yalikuja na neno moja tu, nami nililiamini.

Nilisomea kompyuta chuoni Mombasa pamoja na Carol. Wazazi wake walihamia Kikoneni kutoka bara, wakalima huko, naye akazaliwa huko. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini kila Idi mamangu alimtengea sinia lake. Tulikuwa zaidi ya marafiki.

Baada ya masomo kazi hatukupata. Tukaamua kutengeneza programu yetu wenyewe: mgeni aliye hotelini Diani achague kwa simu safari ya kwenda kisiwa cha Funzi, na mwenye boti apate habari papo hapo. Tulihangaika nayo mwaka mzima na zaidi... Macho yaliuma, lakini tulicheka!

Wakati huo mchumba wangu alikuwa Salim, fundi wa kompyuta katika hoteli moja. Mpole, mwenye haya. Akifika kwetu, shikamoo yake ilisikika hadi jikoni. Nani angemshuku?

Tulimweleza kwamba tunaogopa kupoteza kazi yetu. Mwalimu alikuwa ametutajia programu iitwayo Korali. Ukiwa nayo, kila mmoja hubaki na nakala kamili katika kompyuta yake, pamoja na kila badiliko lililofanywa tangu mwanzo. Mmoja akiharibu, mwenzake anayo salama. Hatukuwahi kuitumia, tulilijua jina tu, basi tukamwomba Salim atuwekee. Salim akazichukua kompyuta zetu, akazirudisha kesho yake.

"Korali hiyo," akasema. "Msiiguse. Kazi itajihifadhi yenyewe."

Nilimshukuru hadi machozi yakanitoka!

Kuna jambo lilinitia baridi, nikalipuuza. Siku moja aliniambia, "Ule ukurasa wa bei mlioubadilisha umependeza." Nani alimwonyesha? Nilidhani ni Carol. Carol naye alidhani ni mimi... Hatukuulizana.

Wiki ile tuliyotarajia kuipeleka programu kwa meneja wa hoteli, nilikuwa nyumbani Msambweni, asubuhi, nimefungua kazi yetu. Ghafla faili moja likatoweka. Likafuata la pili. Mikono yangu ilikuwa mapajani, sikugusa kitu! Yakaendelea kutoweka moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kwa chumba.

Nikampigia Carol, aliyekuwa kwao Kikoneni. Kabla sijasema neno, akapiga kelele, "Mishi, unadelete nini? Wacha bana!"

"Mimi? Si wewe unayefuta?"

"Naona vitu zinaisha hapa kwangu! Ni wewe!"

"Mwizi wewe, Carol! Umeiuza kazi yetu!"

Akakata simu. Nilipotazama tena, palibaki patupu.

Salim alinifariji. Alinifuta machozi kwa mkono wake mwenyewe, akasema watu wa aina ile ndivyo walivyo. Nami nikamsikiliza... Eti nikamsikiliza!

Haukupita muda, mhudumu mmoja wa hotelini akanionyesha programu mpya ya safari za Funzi. Rangi zetu. Maneno yetu. Hata kosa langu la herufi lilikuwa palepale! Mwenye kuitengeneza, akasema, ni Salim.

Nilikimbilia kwa binamu yangu Bakari, fundi pale Ukunda. Aliichungulia kompyuta yangu, akatikisa kichwa.

"Dada, hii siyo Korali mliyofundishwa. Ni nyingine kabisa, jina tu ndilo limefanana. Hii haihifadhi historia. Hii huzifanya kompyuta zote zifanane. Kinachofutwa kwenye moja, hufutika kwenye zote. Na zilizounganishwa hapa si mbili. Ni tatu."

Ya tatu ilikuwa ya nani? Sikuhitaji kuuliza. Alijinakilia kazi yetu kwanza, kisha akatufutia.

Nilimkabili Salim mbele ya mama yangu. Hakushtuka. Alitabasamu, akasema kwa sauti ileile ya upole, "Uliniambia Korali, nikakuwekea Korali."

Posa ilivunjika siku hiyo. Ushahidi sikuwa nao. Historia ya kazi yetu haikuwahi kuandikwa popote.

Carol yuko katika mji mdogo wa Mackinnon Road sasa, anauza dukani kwa kaka yake. Nilimfuata nikamweleza yote. Alinisikiliza amesimama mlangoni.

"Nimekuelewa, Mishi," akasema. "Lakini uliniita mwizi."

Hakunikaribisha ndani.

Ndugu zangu, vitu viwili vyaweza kuitwa jina moja, kimoja kikuhifadhi na kingine kikumeze. Msiridhike na jina! Na msiba ukiingia, msimrukie aliye karibu kabla ya kujua.

Nasikia Salim ameposa tena. Binti huyo ana biashara yake ya mtandaoni, na majirani wanamsifia kwa kupata mchumba fundi. Dada, sikujui nawe hunijui. Akikurudishia kompyuta yako, ifungue mbele yake. Muulize alichoweka kinafanya nini, na nani mwingine anakiona. Akicheka, usicheke naye!