Mstari wa Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kathure aliingia migombani na daftari. Aliinua vipande vya shina vilivyolazwa chini ya kila mgomba, akahesabu fukusi waliojificha humo usiku, akaandika idadi. Kazi hiyo alipewa na Madam Kinya, afisa wa kilimo pale Mitunguu, aliyekuwa akijaribu dawa mpya ya kuwaua wadudu hao.

Mstari mmoja ulitiwa dawa. Mwingine uliachwa hivi hivi ili tofauti ionekane. Walipopiga kura ya bahati kuamua upi, ulioachwa bila dawa ukawa ule aliopanda Mama mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Wiki ya tatu, mgomba mmoja wa Mama ulianguka, shina limetobolewa kama sifongo. Kathure hakuweza kuvumilia. Tangu siku hiyo akawa anawaokota fukusi wa mstari ule na kuwazamisha katika kopo la maji ya sabuni. Daftarini aliandika wachache aliowabakiza.

Mwisho wa mwezi uliofuata, Madam Kinya alisoma daftari akakunja uso. Alimwambia Baba kuwa mistari yote miwili ilikuwa sawa, kwa hiyo angewaambia majirani wasihangaike na dawa ile. Jirani yao Mzee Kaberia, ambaye nusu ya migomba yake ilikuwa imeanguka, alicheka bila furaha. Akasema basi ataing'oa yote afuge sungura.

Kathure alisogea mbele ya Madam Kinya.

"Madam, dawa inafanya kazi," alisema huku akilia. "Ni mimi niliyewaokota wale wa Mama."

Baba aliinamisha kichwa. Hakumkemea.

Hesabu ikaanza upya. Kumi na tisa, ishirini na sita, thelathini na mmoja. Kathure aliandika wote. Migomba ya Mama ilianguka mmoja mmoja, ile yenye dawa ikasimama. Mzee Kaberia akaitia dawa migomba yake, habari za sungura zikaisha.

Kabla ya mgomba wa mwisho kuanguka, Baba alichimbua chipukizi lake. Alilimenya mpaka likawa jeupe, akalichovya katika maji ya moto kuua mayai ya fukusi, akachimba shimo karibu na jikoni.

"Kumpenda Mama si kosa, mwanangu," alisema. "Lakini ukificha ukweli kwa huruma, bado umeuficha, na kuna jirani atakayeumia. Sasa shika hapa. Tumpandie tena."