Nani Amebadilisha Vyungu vya Ikombe?

Kila siku akitoka shule, Tusajigwe alikuwa na kituo kimoja kabla ya kufika nyumbani. Alipita sokoni, akakata uchochoro wa mafundi cherehani, akatokea Bondeni kwenye chumba chenye mlango wa bluu. Juu ya mlango kulikuwa na bango lililoandikwa: Lusungu Ubunifu. Nembo, Lebo, Mabango, Picha, Kurasa za Mtandaoni. Bango lenyewe lilikuwa limepinda. Watu walitania kwamba ofisi inayotengeneza mabango ya Kyela nzima haina muda wa kunyoosha la kwake.

Lusungu alikuwa mdogo wake mama, kwa hiyo Tusajigwe alimwita Mamdogo. Alianza kazi hiyo peke yake, na kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika hadi herufi zimefutika. Sasa alikuwa na msaidizi, kaka Gwamaka, kijana mrefu, mpenzi wa chai na mwoga wa maji. Wateja wao walikuwa wauza mchele waliotaka lebo za mifuko, wakulima wa kokoa kutoka Makwale, na maharusi wa kila aina.

Tusajigwe alikuwa darasa la sita. Alifagia, akachemsha chai, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye simu, alirekebisha picha ndogo ndogo. Gwamaka ndiye aliyemfundisha kuongeza mwanga, kukata pembeni, na kufuta kitu kilichoingia kwenye picha bila kualikwa. Siku moja Tusajigwe alimfuta kuku aliyekatiza mbele ya bibi harusi. Bibi harusi akashukuru. Kuku hakuulizwa.

Mwezi huo walikuwa wamepata kazi kubwa kuliko zote. Kikundi cha kina mama wafinyanzi wa Ikombe, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa mtumbwi, kilitaka vyungu vyao vionekane mbali. Gwamaka alikwenda akavipiga picha, zikawekwa mtandaoni, na mteja wa kwanza akajitokeza. Huyo alikuwa Mama Jubilate, mwenye nyumba ya wageni jijini Mbeya. Aliagiza vyungu arobaini. Kina mama walisema wazi: hii ikienda vizuri, Lusungu Ubunifu itawatangazia kazi zao mwaka mzima. Isipoenda vizuri, basi, kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

Jumatano, Tusajigwe alimkuta Mamdogo amesimama katikati ya chumba, simu sikioni, hajakaa. Sauti ya Mama Jubilate ilisikika hadi mlangoni.

"Lusungu, mimi niliagiza vyungu. Sikuagiza vilivyoungua. Vya kwenye picha ni safi, hivi vina madoa meusi kama vimepigwa pasi. Mmenibadilishia."

"Mama, naomba nifuatilie."

"Fuatilia. Vyungu viwili nimevirudisha na basi la asubuhi uvione kwa macho yako. Hadi Jumamosi nisipopata maelezo, narudisha vyote, na wenzangu wenye nyumba za wageni nitawaambia."

Vile viwili vilikuwa mezani tayari, kwenye boksi. Tusajigwe akachungulia. Vilikuwa vizuri, vyekundu, vina mistari shingoni. Lakini kila kimoja kilikuwa na doa jeusi tumboni, kubwa kama kiganja.

"Vyungu vyenye madoa haya navijua," alisema Lusungu. "Sokoni vimejaa. Lakini vya picha havikuwa nayo. Nikadhani kina mama wamechagua vizuri tupu kwa ajili ya hoteli. Sasa mtu kachukua vilivyochaguliwa, akatuwekea vya sokoni."

"Nani?" aliuliza Gwamaka.

Wote watatu walifikiria jina moja. Emanueli ndiye aliyebeba mzigo. Aliupakia mtumbwini Ikombe, akaushusha Matema, akauleta Kyela kwa gari. Na Emanueli huyo huyo aliuza vyungu vyake mwenyewe sokoni kila Jumamosi.

"Ana viatu vipya," alisema Tusajigwe.

"Viatu gani?"

"Vya raba. Vyeupe. Nilimwona wiki iliyopita."

"Nami nilimwona anacheka sana alipoleta mzigo," Gwamaka akaongeza. "Mtu aliyebeba vyungu arobaini anacheka nini?"

Kuanzia hapo, chumba kile kikawa kama kina moshi. Lusungu akauliza matenga ya vyungu yalilala wapi usiku ule yalipofika. Gwamaka akasema yalilala humo humo ofisini, na ufunguo alikuwa nao Lusungu. Lusungu akasema ufunguo wa pili anao Gwamaka. Gwamaka alipoondoka jioni alibeba chupa yake ya chai, ambayo siku zote huiacha. Hakuna kati yao aliyekuwa amefungua matenga yale. Vyungu vilikuja vimefungwa kwa nyasi kavu, vikapandishwa basi vile vile.

Alhamisi Lusungu alimpigia Emanueli. Tusajigwe alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Sisemi umeiba, Emanueli. Nauliza kama ulisimama mahali njiani." Akasikiliza. "Mbona unakasirika, nimeuliza tu." Akasikiliza tena. "Basi Jumamosi tutaonana Ikombe, mbele ya kina mama."

Akakata simu. "Anakasirika haraka," alisema. "Mtu asiye na kosa hakasiriki hivyo."

Tusajigwe akaitikia kwa kichwa kama askari mpelelezi. Moyoni alikuwa ameshafunga kesi. Bado ushahidi tu.

Ushahidi ulimjia Ijumaa, lakini haukuja na sura aliyoitarajia. Lusungu na Gwamaka walikuwa wametoka kwenda kupima ukuta wa duka la mteja. Tusajigwe alibaki peke yake na vile vyungu viwili. Akawaza, nikivisugua hadi ving'ae, tutavipiga picha tumtumie Mama Jubilate, angalau atulie. Masizi ni masizi. Nyumbani kwao sufuria zilikuwa zinasuguliwa kwa majivu na waya wa kusugulia kila jioni hadi unajiona uso.

Akachota maji na majivu, akasugua. Akasugua tena. Udongo mwekundu ukaanza kutoka, maji yakawa kama chai ya rangi, lakini doa lilikaa pale pale. Halikuwa juu ya chungu. Lilikuwa ndani ya udongo wenyewe.

Mkono wa Tusajigwe ukasimama.

Alikumbuka. Wiki tatu nyuma Gwamaka alikuwa amemkabidhi simu ya ofisi na kumwambia, "Ongeza mwanga, kata pembeni, halafu niwekee tayari." Yeye akaongeza mwanga, akakata pembeni. Kisha akaona madoa. Akasema moyoni, hawa kina mama wamesahau kufuta masizi, ngoja niwasaidie. Akayafuta, chungu baada ya chungu, kama alivyomfuta yule kuku. Kazi ilimchukua mchana mzima, na aliifurahia. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona cha kuambia.

Akafungua simu ya ofisi. Picha za mwanzo zilikuwepo bado, kwenye folda yake. Chungu cha kwanza, doa. Cha pili, doa. Cha tano, madoa mawili.

Hakuna aliyebadilisha vyungu. Zilizobadilishwa ni picha, na aliyezibadilisha ni yeye.

Alikaa kwenye kigoda cha chai, kidole kikiwa juu ya alama ya kufuta. Picha za mwanzo zikifutika, nani atajua? Gwamaka alizipiga huku jicho moja likiangalia mawimbi, akiwaza atakavyorudi. Hakumbuki hata chungu kimoja. Emanueli atanung'unika mwezi mmoja, halafu atasahau. Watu wazima husahau.

Mlango ukafunguliwa. "Mbona mikono ina majivu?" aliuliza Lusungu.

"Nilikuwa naosha vikombe, Mamdogo."

Akaiweka simu mezani, picha zikiwa bado hazijafutwa, akaenda kunawa.

Jumamosi walifika Matema mapema. Emanueli aliwapokea na mtumbwi wake bila salamu. Alikuwa amevaa ndala zilizokatika kisigino. Tusajigwe alizitazama, akajikaza akauliza, "Anko, zile raba nyeupe?"

"Za mwanangu. Nilikuwa nazipanua, zinambana," alisema Emanueli, akachukua kasia.

Mtumbwi ukaondoka. Gwamaka alishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Milima ilikuwa upande mmoja na ziwa upande mwingine. Tusajigwe alikuwa amekumbatia mfuko wenye vyungu viwili na simu ya ofisi, na akauona mzito kuliko vyungu vyenyewe.

Ufukweni kina mama walikuwa wameshakaa. Mbele alikuwa Mama Neli, kiongozi wa kikundi, mwanamke mnene wa macho makali, udongo umekauka hadi kwenye viwiko.

"Mugonile," aliwasalimu. "Karibuni. Nimesikia tuna mwizi."

"Hatujasema mwizi, Mama," alisema Lusungu.

"Emanueli amesema mmesema."

"Nimetulia tu hapa," alisema Emanueli. "Miaka kumi na moja nabeba vyungu vya kijiji hiki. Leo kina mama wawili wameniambia nisiguse mizigo yao hadi mambo yaishe. Basi yaishe."

Lusungu akatoa vile viwili, akaviweka mchangani. Mama Neli akakichukua kimoja, akakizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya shingo.

"Hiki changu. Mistari hii ni ya mkono wangu, hakuna mwingine anayeikata hivi. Na kile ni cha shemeji yangu. Havikubadilishwa." Akasita. "Ila kuna mtu amekisugua hiki. Nani kakisugua chungu changu kama sufuria?"

"Na hilo doa, Mama?" aliuliza Lusungu.

"Doa gani? Hilo ni la moto. Tunavichoma pamoja, vimefunikwa nyasi. Pale moto unapokilamba, au kinapoegemea mwenzake, panabaki peusi. Sijawahi kutoa motoni chungu kisicho nalo. Wewe umeona wapi?"

"Kwenye picha."

"Picha zenu?" Mama Neli akamtazama Lusungu, kisha Gwamaka, na sasa macho yake yalikuwa makali kweli. "Kwa hiyo mmetangaza vyungu vya nani?"

Lusungu akamgeukia Emanueli, kisha akamgeukia Gwamaka. Tusajigwe aliona jinsi lawama ilivyokuwa inatafuta mtu wa kumkalia, inaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na haikutua hata mara moja kwenye kichwa chake.

"Ni mimi," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akarudia.

"Ni mimi, Mamdogo. Niliyafuta kwenye simu. Nilidhani ni masizi, ya kuosha tu. Jana nilisugua nikaona hayatoki, nikajua. Picha za mwanzo hizi hapa." Akanyoosha simu. "Nilitaka kuzifuta nazo. Na vikombe sikuosha jana. Nilikuwa nasugua chungu."

Mama Neli akaipokea simu kwa ncha za vidole, akatazama picha za kwanza, kisha zile zilizosafishwa. Wenzake wakasogea. Mmoja akacheka kwa pua. "Mama Neli, kakuogeshea vyungu."

"Kaviogesha hadi vikampoteza baba yao, moto," alisema Mama Neli, na kicheko kikazunguka, ingawa hakikumfikia Tusajigwe.

Lusungu hakucheka. Alipanda mwamba wa nyuma ya nyumba za kijiji, ambako simu hushika, akampigia Mama Jubilate. Alimweleza yote bila kupamba: picha ziliguswa ofisini kwake, vyungu ni vyenyewe, wabebaji na wafinyanzi hawana kosa. Akamtumia picha za mwanzo. Akamwambia kama havitaki, avirudishe kwa gharama ya ofisi.

Walisubiri. Mama Jubilate alipopiga, sauti yake ilikuwa imepoa lakini haijawa tamu. Vya bustanini atabaki navyo, sasa ameelewa ni moto. Vile kumi alivyotaka kwa meza ya mapokezi atarudisha, kwa sababu kilichomvutia kwenye picha hakipo. "Na safari nyingine," alisema, "nionyeshe kitu kilivyo. Mimi ni mtu mzima, nitaamua mwenyewe."

Tusajigwe akamwendea Emanueli, aliyekuwa anakagua kasia ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Anko, naomba unisamehe. Nilikufikiria vibaya. Na nilipojua ukweli nikakaa nao siku nzima."

Emanueli akamwangalia. "Siku tatu nimeitwa mwizi wa vyungu," alisema. "Angalau mngenisingizia kitu chepesi kubeba." Kisha uso ukalegea. "Nimekusamehe. Lakini nenda kwa wale mama wawili, uwaambie kwa mdomo wako. Mimi wakisikia kwangu watasema najitetea."

Akaenda. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufagia.

Aliporudi, Lusungu alimkalisha kwenye jiwe kando ya maji.

"Nisikilize, mwanangu. Kufuta yale madoa lilikuwa kosa la kutojua, na nusu ni letu. Gwamaka hakulinganisha picha. Mimi sikufungua matenga. Nilitaka ofisi ikue haraka, nikaona ni rahisi kumshuku mtu wa mbali kuliko kukagua meza yangu. Na mimi nimemwomba Emanueli msamaha. Lakini jana ulipojua na ukanyamaza, hilo halikuwa kutojua. Ulimwacha mtu abebe mzigo wako. Ukikosea kazini, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Kosa likisemwa linapata dawa. Likifichwa linaanza kuwatafuta watu wasiohusika."

"Nimesikia, Mamdogo."

"Na kazi yetu sisi ni kuwaonyesha watu kitu kilichopo, kionekane vizuri. Tukionyesha kisichopo, hata wateja wakiwa mia, hatuna kazi."

Kina mama hawakuwapa mkataba wa mwaka. Waliwapa miezi mitatu ya kujaribiwa, kwa sharti moja: hakuna picha itakayotoka kabla mwenye chungu hajaiona.

Jumatatu baada ya shule, Tusajigwe aliongeza mwanga kwenye picha moja, akakata pembeni, akaacha. Akamtumia Mama Neli, akasubiri huku Gwamaka akimmiminia chai. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake mawimbi yalisikika.

"Ndaga, asante sana, mwanangu. Hicho ndicho changu. Kiweke."