Koti Zima Kupitia Tundu Dogo

Duka la Fundi lilikuwa na cherehani mbili, moja yake, moja ya mkewe. Walishona wakitaniana kutwa. Ukutani lilining'inia gauni jeupe. Fundi alikuwa akilishona mwenyewe, kwa ajili ya harusi ya binti yao kitindamimba.

Lakini tumbo lilimsumbua. Alishiba kwa matonge mawili tu, akakonda. Hospitalini walimpima kwa mpira wenye kamera. Wakakuta saratani ya tumbo, bado changa.

"Inatolewa," daktari alisema. "Tunaweza kupasua tumbo, au kupitia matundu madogo. Kwako matundu yana..."

Mkewe alidakia. "Matundu? Ugonjwa mzito hivi? Mpasueni, muone kila kitu!"

Fundi alimtazama. "Mama watoto, una hakika?"

"Nimeshasema, baba."

Fundi akakubali shingo upande.

Alipasuliwa, saratani ikatoka yote. Kilichowatesa ni kidonda. Homa ilipanda. Kukohoa kulimuuma, akajizuia, kifua kikajaa. Harusi ilifika Fundi akiwa bado kitandani. Binti aliolewa na gauni la kuazima, huku akilia.

Jirani yao alikuwa muuguzi. Fundi alimwita Sindano, kwa utani. Siku moja Sindano alimkuta mke wa Fundi ameshika tama nje ya wodi.

"Sindano, si walitoa ugonjwa wote?"

"Walitoa, dada. Njia zote mbili hutoa ugonjwa. Lakini mwili haujui kwamba kisu ni cha daktari. Ukikatwa sana, unapeleka askari wake wengi kwenye kidonda. Ndiyo hiyo homa na uvimbe. Kinga nayo inachoka kwa muda, wadudu wa kifua wanapata upenyo. Kwa matundu, mara nyingi vurugu inakuwa ndogo."

"Basi kila mtu atobolewe?"

"Hapana, wapo wasiofaa. Daktari ndiye anayepima. Wewe muulize mpaka uelewe. Ila mwache amalize kusema."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma. Fundi alipona polepole mno.

Baadaye dada yake Fundi alianza kushiba upesi na kukonda. Safari hii mke hakungoja. Alimpeleka wifi yake hospitalini, akamsikiliza daktari hadi mwisho, akauliza, akauliza tena. Wifi naye alikutwa na saratani changa, akafanyiwa upasuaji kwa matundu. Kesho yake alikuwa akitembea koridoni, akiwatania wauguzi.

Alipopata nguvu, alikuja dukani kuchukua koti lake. Fundi alikuwa akilimalizia, bado likiwa limegeuzwa ndani nje. Aliacha tundu dogo kwenye mshono wa bitana, kitambaa cha ndani, akaingiza mkono, akalivuta koti zima likapita hapo na kugeuka.

Mkewe alisimamisha cherehani. Miaka yote yeye naye aligeuza makoti vivyo hivyo.

"Baba," alisema, machozi yakimlenga. "Siku ile kwa daktari, ulilikumbuka hili?"

"Nililikumbuka."

"Mbona hukusema?"

Fundi alilikung'uta koti, akampa dada yake.

"Ulikuwa umeshasema."