Blanketi la Mama

Walikutana wakigombania uzi.

Ilikuwa Jumamosi, duka la nyuzi limefurika, watu wanasukumana mabega. Msusi, katika gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, alinyoosha mkono kuchukua donge la mwisho la kijani. Mkono mwingine, mkubwa, wenye makovu madogo ya moto, ukalikamata kabla yake.

"Kaka, achia."

"Nimelishika kwanza, dada."

"Utalifanyia nini wewe? Utamfungia mbwa?"

"Nafuma," akasema yule mwanamume bila aibu. "Mimi mchomelea vyuma. Niliwahi kuanguka kutoka juu ya paa, nikavunjika mguu, mama akanifundisha kroshia pale kitandani. Na wewe je?"

"Dada yangu ni mjamzito. Kasema mbele ya watu kwamba mimi siwezi kutengeneza hata kitambaa cha kufutia pua. Nataka kumfumia mtoto wake blanketi, nimzibe mdomo."

"Unajua kufuma?"

"Hata sindano sijui inashikwaje."

Akacheka, akamwachia lile donge. "Chukua. Ila nipe namba yako ya simu, nikufundishe kabla hujauharibu uzi wa watu."

Basi kila Jumapili alasiri, saluni ya Msusi ikiwa imefungwa, Cheche, kama wenzake wa karakana walivyombatiza, alikuja na mfuko wake wa nyuzi. Ajabu, mikono iliyosuka vichwa vya mji mzima ilishindwa na sindano moja yenye ndoano mdomoni. Kitanzi hiki kinabana, kile kinalegea.

"Mpenzi, hiki ni nini?"

"Ni mraba."

"Mraba wenye pembe tatu?"

"Cheche, nitakuchoma!"

Katikati ya wiki zilikuwa simu.

"Msusi wangu, safu ina vitanzi vingapi?"

"Ishirini."

"Vilikuwa ishirini na vinne, roho yangu. Vinne umekula?"

Mtoto alipozaliwa, blanketi lilikuwa tayari. Dada mtu aliligeuza kila upande akitafuta kosa, akalikosa, akanuna siku nzima. Msusi alirudi nyumbani akiimba njia nzima.

Kufikia hapo mapenzi yalikuwa yamekolea. "Sijawahi kumfumia mwanamke yeyote isipokuwa mama yangu," Cheche alimwambia, akimvika shali ya kijivu yenye safu moja nyekundu pembeni. Ile safu nyekundu ndiyo ilikuwa alama yake, kila kazi yake ilimalizikia hapo. Siku hiyohiyo akamwachia blanketi kubwa lililokaribia kuisha. "Nitunzie kabatini. Karakana yetu imejaa moto. Ni la mama."

Wiki iliyofuata akaingia mteja mpya kusuka nywele, mabega yamefunikwa shali ya bluu. Pembeni, safu moja nyekundu.

"Shali nzuri," Msusi akasema, kitana kimesimama hewani.

"Kanifumia mpenzi wangu kwa mikono yake mwenyewe," mteja akajibu kwa deko. "Mwanamume mchomelea vyuma, utaamini? Yuko karakana ile ya nyuma ya ghala."

Karakana ileile ya Cheche. Msusi alimaliza kusuka, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni, akafunga saluni mchana kweupe. Akafungua kabati. Akatafuta ncha ya uzi, akavuta.

Akavuta mpaka jioni. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, na kila safu iliyoachia ilimpa raha chungu. Kesho yake akavaa gauni jekundu, akapaka midomo, akaingia karakanani kama anakwenda harusini. Akamwaga madonge yote miguuni pa Cheche, mbele ya mafundi wenzake.

"Mpelekee mwenye shali."

"Shali gani?" Cheche alinyanyua ngao ya uso, lakini Msusi alishageuka.

Simu iliita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea ili asikie anavyoumia.

"Umelifumua lote?"

"Mpaka kitanzi cha mwisho."

Kisha Cheche akasema polepole, "Nusu nzima alifuma mama, kabla macho yake hayajazima. Mimi nilikuwa nalimalizia tu. Hawezi tena kufuma. Usinipigie."

"Muongo," Msusi aliiambia simu iliyokwishakatika.

Siku mbili baadaye mteja wa shali alirudi kuongeza shanga kwenye nywele, akifuatana na mpenzi wake. Hakuwa Cheche. Alikuwa fundi mwingine wa karakana ile, mfupi, mwenye maneno mengi.

Msusi aliweka kitana chini. Akachukua sindano na uzi, akampa. "Shemeji, hebu nifumie safu moja tu nijifunze."

Yule bwana aliigeuza sindano kama kijiko kigeni. Jasho likamtoka. Wanawake wote chini ya mashine za kukaushia nywele wakainua vichwa.

"Fuma, mpenzi," mteja akasema, sauti imeanza kupoa.

"Kusema kweli... nilimwomba Cheche. Nikamwapisha asimwambie mtu."

Shali ya bluu ikamtua usoni. Saluni nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Msusi. Kisasi chake alikuwa amekishusha kwa kipofu.

Jumapili akaenda kwa mama yake Cheche. Chumba kilikuwa nadhifu, madonge yale yamepangwa kwenye beseni kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyefumua."

"Marahaba. Sitakutukana, matusi huisha haraka. Kaa. Utalifuma upya hapa mbele yangu, nami nitapapasa. Nikikuta kosa, unafumua."

Akafuma. Vidole vya mama vikatembea juu ya safu. "Hapa umeruka kitanzi."

"Ni kimoja tu, mama."

"Mimi uliniachia vingapi? Fumua."

Jumapili ya tatu alifumua safu kumi na mbili kwa kosa moja. Akalia. "Usinilowanishie uzi," mama akasema. Msusi akafuta macho, akaanza tena. Hakuacha kwenda hata mara moja, na hakuomba apunguziwe.

Ilichukua miezi mitano. Siku ya mwisho mama alipapasa blanketi lote, kona hadi kona, mara mbili.

"Limetoka zuri kuliko langu," akasema. "Inaniudhi." Kisha akapaza sauti, "Wewe wa jikoni, toka!"

Cheche akatokea mlangoni, shati la kazini, macho mekundu.

"Kila Jumapili nilikuwa humo," akamwambia Msusi. "Nilitaka kusikia ukiteseka. Mwanzoni nilifurahi, sikufichi. Kila 'fumua' ilinishibisha."

"Halafu?"

"Halafu siku ulipolia nikashika kitasa cha mlango. Mama akakohoa, nikarudi kukaa. Tangu hapo sijapata raha."

Msusi akasimama, vidole vimekufa ganzi. "Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe."

"Sijamaliza kukukasirikia."

"Najua."

"Itachukua muda mrefu. Miaka, pengine. Afadhali tukae nyumba moja, nisiwe nakufuata huku na huko."

Msusi alimtazama asiamini. "Unanichumbia, au unanilipizia kisasi?"

"Vyote viwili," Cheche akasema.

"Mkubalie, mwanangu," mama akasema kutoka kitandani, akijifunika blanketi mpaka kidevuni. "Na wewe umlipizie."