Kaka Yangu Alifukua Kaburi la Babu Akitafuta Rupia

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, mwalimu mstaafu, naishi si mbali na Katesh. Nina wajukuu, nina ng'ombe wawili wa maziwa, na nina hasira. Mtaniwia radhi. Watu huniambia, "Mama, hayo yamepita, sahau." Nisahau vipi? Nisikilizeni kwanza, halafu mniambie kama ninyi mngesahau.

Nilizaliwa juu milimani upande wa Mbulu, Mwingereza akiwa bado anatawala. Tangu utotoni nilikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda sarafu za zamani. Si hela za kutumia, la! Hela zilizokufa. Zile ambazo ukimpelekea mwenye duka anakurudishia huku anacheka.

Aliyeniambukiza ni babu yangu mzaa baba. Sisi Wairaqw mzee kama yule tunamwita Akoo. Enzi za Mjerumani alibebeshwa mizigo safari ndefu, akapewa rupia moja ya fedha yenye kichwa cha mfalme wao, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu. Hakuitumia. Mjerumani akaondoka, rupia ikafa, yeye akaendelea kuiweka. Nilipofaulu kuendelea na shule akanitia ile rupia mkononi na kuniambia, "Hii si hela, mjukuu wangu. Huu ni mgongo wangu. Utunze."

Basi nikaingia wazimu! Baada ya Uhuru zilipokuja sarafu zetu wenyewe, zenye samaki na mbuni na sungura, watu walizidharau senti za mfalme zenye tundu katikati. Mimi nikawa naziokota. Mhindi mwenye duka pale Mbulu alinipa sarafu ya kwao iitwayo ana, ukingo wake una mawimbi kama ua. Sista wa hospitali ya misheni alinipa ya kwao Ulaya. Msomali mmoja mnunuzi wa ng'ombe alinipa pande kubwa la fedha lenye malkia mwenye kifua kipana, akaniambia limetembea Uarabuni na Uhabeshi. Nilikuwa sijafika hata Arusha, lakini dunia nzima ilikuwa ndani ya kopo langu la kakao!

Mama alikuwa akinitania: "Wenzako wanakusanya vyombo vya kuolewa navyo, wewe unakusanya vyuma." Nilicheka tu. Nilipanga siku moja niwaonyeshe wanafunzi wangu, niwaambie hii imetoka huku na hii kule, na hii... hii ni ya babu yangu.

Nilizipaka samli, kama tunavyopaka ngozi isikauke. Hakuna aliyenifundisha kutunza sarafu, nilidhani zitashika kutu. Rupia ya Akoo ndiyo niliyoipaka mara nyingi kuliko zote. Samli hiyo... ndiyo iliyoniponza!

Nilipomaliza chuo cha ualimu Akoo akafariki. Tulimzika kando ya zizi lake kwa desturi ya zamani, amefungwa kwenye ngozi ya dume alilolipenda, mawe juu. Hakuzikwa na kitu kingine. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Haukupita muda tukaambiwa watu wote wahamie kijijini. Nyumba ziezuliwe, tushuke tambarare, tujenge kwa mstari. Sibishani na siasa ya Ujamaa, nilifundisha kwenye shule ya kijiji hicho na niliipenda. Lakini kaburi halihamishwi! Baba alisimama pale kwenye mawe akasema, "Baba, tutakuja kukusalimia." Tukashuka na ng'ombe wetu na mbao zetu. Akoo akabaki peke yake kwenye mahame.

Sasa nimtaje kaka yangu, Damiano. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Ukiniuliza wakati ule nani nampenda duniani, ningesema Damiano kabla hujamaliza swali. Alikuwa ametoka kufanya kazi mashamba ya mkonge, akarudi na rafiki, mtu mnene mwenye maneno matamu aliyejiita mtaalamu. Mtaalamu wa nini? Wa hazina za Mjerumani! Alisema Wajerumani waliacha masanduku ya dhahabu ardhini, na rupia ya kweli huonyesha njia. Utaijua vipi? Inavuta mchele!

Damiano akaniomba nimwonyeshe mgeni kopo langu. Nikamwonyesha... ningemkatalia kaka yangu? Yule bwana akamwaga mchele mezani, akachukua rupia ya Akoo, akaigusisha. Mchele ukanasa!

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikawaambia, "Jamani, ni samli hiyo! Nimeipaka juzi tu. Hata kijiko chenye samli kitanasa mchele!" Nikaifuta kwa kanga, nikawaambia wajaribu tena. Haukunasa. Mtaalamu akamtazama kaka yangu akasema, "Umeona? Dada yako ameizima. Anajua siri."

Ndugu zangu, mpumbavu ukimwonyesha ukweli anaona ni ujanja! Tangu siku ile Damiano akabadilika. Akawa ananiuliza Akoo aliniambia nini kabla ya kufa, na mbona rupia alinipa mimi mtoto wa kike na si yeye. Nikamjibu kwamba alinipa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakaa kumsikiliza. Nilidhani yameisha.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja ya kazi ya shamba la kijiji, kengele ilipopigwa tukatoka wote, hata walimu na wanafunzi. Damiano alisema ana homa, mama akamwachia uji. Tuliporudi jua likiwa bado juu, kopo langu halikuwepo. Na Damiano hakuwepo, wala mgeni wake.

Nililia kwa ajili ya sarafu zangu. Laiti ningejua! Nilikuwa bado nalia shangazi yangu alipoingia ameshika kichwa. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja kwenda kule juu kutafuta kuni. Akamwambia baba, "Kaka, mzee wetu yuko nje."

Tulipanda mbio. Mawe yalikuwa yametupwa huku na huku, jembe la baba limeachwa pale pale, ngozi ya dume imechanwa, na Akoo wangu... sitaandika nilichokiona. Walitafuta chini yake! Walitafuta masanduku ya dhahabu chini ya mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kumiliki viatu!

Baba na wazee walimzika upya siku ile ile, wakachinja kondoo kusafisha pale mahali. Lakini mambo ndiyo kwanza yalianza. Kwa desturi zetu za zamani, nyumba iliyoguswa na balaa kama hilo hutengwa. Huingii kwa jirani, huchoti maji pamoja na wengine, hushiki jembe kwenye shamba la wenzako, mpaka wazee waseme umetakasika. Kule milimani watu waliweza, kila mmoja alikuwa na kilima chake na kijito chake. Kijijini je? Nyumba zimebanana kwa mstari, kisima kimoja, shamba moja!

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alitoka mkoa mwingine, akasema mila hizo ni za kurudisha nyuma maendeleo, lazima tutoke kazini kama wengine. Tukitoka, wenzetu wanaweka majembe chini na kuondoka. Tukibaki ndani, tunaitwa wavivu na wapinga Ujamaa. Mwenyekiti anatufokea hadharani, majirani wanatukimbia. Mniambie, tungefanya nini? Mama alikuwa akichota maji mtoni, mbali, ili asigombane na mtu. Darasani kwangu wazazi waliwaondoa watoto mmoja mmoja mpaka nikawa nafundisha madawati. Na kijana aliyekuwa ameleta posa, wazazi wake walikuja kwa heshima zote, wakamsalimia baba, wakasema, "Mzee, damu yenu tunaiogopa."

Baba alisema neno moja tu juu ya mwanawe: "Simjui." Alikufa bila kulitaja jina lake tena.

Nilikuja kuolewa baadaye sana, mbali na kijiji kile, na mtu mwema. Ndipo Damiano akarudi, amekonda, anakohoa. Nikamsalimia, "Shikamoo kaka," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Akaanguka magotini kwangu, mtu mzima! Akanieleza kwamba yule bwana alimtoroka na rupia ya Akoo huko Singida.

Nikamuuliza, "Na zile nyingine?"

Akainamisha kichwa. "Alizitupa porini, mdogo wangu. Alisema si za Mjerumani."

Jamani! Malkia wa yule Msomali, ana ya Mhindi, senti zenye tundu, dunia yangu yote... imetupwa vichakani kama maganda ya ndizi! Nilimlisha uji, nikamtibu, nikamtandikia kitanda. Lakini msiniulize kama nilimsamehe. Naomba kila siku niweze, na kila siku nikiamka nakuta bado.

Alipofariki nilimzika kwenye kiwanja changu, kwa maana wazee walikataa asilale karibu na Akoo. Arobaini haijaisha, wakaja vijana wawili kwa pikipiki. Shikamoo nyingi, adabu nyingi. Wakaniuliza, "Mama, tumesikia kaka yako aliwahi kuwa na rupia ya Mjerumani. Alizikwa na nini?"

Niliwafukuza kwa fimbo ya ng'ombe! Kisha nikaita fundi, nikamwaga zege kwenye kaburi la Damiano na kwenye kaburi la Akoo kule milimani. Mnajua watu wanasema nini sasa? "Kama hakuna kitu, zege la nini?"

Nawasihi ninyi mnaosoma. Mtoto wenu akipenda vitu vya kale, kaeni naye, mumuulize kila kimoja kimetoka wapi, mjue kinachompendeza ni habari ya kile kitu. Na wewe uliyeshika sururu kwa sababu mtu amekwambia kuna dhahabu ya Mjerumani: hakuna! Aliye huko chini ni baba wa mtu. Nimeshalala kwenye nyumba iliyotengwa, nimeshafundisha madawati, nimeshamzika ndugu ambaye bado nashindwa kumlilia. Na mimi siku zangu zinakaribia. Nimewaambia wanangu wanizike na shuka tu, na wawaite majirani wote waje waone kwamba sina kitu kingine.