Robo Zilizokaa Bure

Kila jioni nyumba ile iliwaka moto wa ugomvi kwa sababu ya kisanduku kimoja cha intaneti kilichokaa juu ya kabati. Mtoto wa mwisho alitazama katuni, kaka mkubwa alipakua masomo, na mama, fundi cherehani, aliwaonyesha wateja wake nguo kwa simu ya video. Binti wa katikati, ambaye wote walimwita Waziri kwa kupenda kwake kutoa amri, alitoka shule akakuta intaneti inajikokota.

"Jamani, nimechoka!" alifoka. "Kila siku mimi naachiwa makombo tu!"

Akakumbuka maneno ya shangazi yake, fundi wa minara ya simu. Mnara mmoja, alisema shangazi, huweza kuhudumia kampuni kadhaa. Kompyuta huugawa kama vile ni minara kadhaa, na kila kampuni hujiona ina wake. Waziri akafungua mipangilio ya kisanduku, akaigawa intaneti mafungu manne sawasawa, moja kwa kila mtu, akaweka nywila aliyoijua peke yake. Ugomvi ukaisha. Alitamba huyo!

Jumamosi kaka alikuwa na usaili wa video wa kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Alipiga shati pasi, akaketi wima. Hata hajamaliza kujitambulisha, picha ikaganda.

"Waziri! Niongezee, nakuomba!"

"Una robo yako. Usawa ni usawa."

Ukaidi gani huu! Mama alikuwa sokoni, mdogo wao amelala, na Waziri mwenyewe alikuwa anafua soksi. Robo tatu zilikaa bure huku kaka akitokwa jasho. Msaili akasikika kwa kukatikakatika, "Hatukusikii... tunaendelea na mwingine." Simu ikakatika.

Shangazi alikuja kuwatembelea, akamkuta kaka ameshika kichwa, akafungua mipangilio ya kisanduku. "Nani kaifunga intaneti hivi?"

"Mimi, shangazi. Nimefanya kama mnara wenu."

"Wetu? Mwanangu, usinitie wazimu! Tungefanya hivi tungefukuzwa kazi sote. Kila kampuni ina fungu lake, ikilihitaji hailikosi. Lakini isipolitumia, kompyuta humwazima mwenye shida. Mwenyewe akilitaka, anarudishiwa papo hapo. Haya, lete nywila!"

Waziri aliitaja kwa sauti ndogo. Shangazi akabadilisha mipangilio, na kaka akapiga tena kuomba radhi. Chuoni wakamwambia asubiri, atakuwa wa mwisho.

Zamu yake ilipofika, mdogo wao alikuwa ameamka, ameshawasha katuni. Katuni zikacheza, na kaka akajibu maswali yote bila picha kuganda.

Alitoka shati limelowa jasho. "Wamenichukua!"

Waziri akaangua kilio. "Nisamehe, kaka. Nilidhani natenda haki."

"Kugawa sawa ni rahisi, hata kisu kinaweza," alisema shangazi, bado amekunja uso. "Kisu hakimwoni mwenye shida. Wewe una macho, na kaka yako alikuwa anakuita."